Hofu Huisha Hata Usipokunywa

Nilipoacha pombe, hofu haikupungua. Iliongezeka. Moyo ulidunda hadi nikausikia masikioni, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, na akilini likabaki wazo moja tu: leo nakufa. Ni miaka kadhaa sasa tangu niweke glasi chini, na paniki, yaani shambulio la ghafla la hofu kali, bado hunijia mara mojamoja. Nayaandika haya kwa ajili ya yule aliyeacha pombe majuzi na sasa anajiuliza kama hakuwa na afadhali alipokuwa akinywa. Hukuwa na afadhali, ndugu yangu. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza kuna jambo la uhai na kifo. Kama umekuwa ukinywa sana kila siku, kisha ukaacha ghafla, kutetemeka na jasho na hofu ya siku za mwanzo huenda si paniki. Huenda ni mwili unaodai kilevi ulichouzoesha. Dalili huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kumwangusha mtu ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona na kusikia vitu visivyokuwapo. Hali hiyo huua. Usijifungie chumbani ukiivumilia kwa sababu ya haya. Nenda hospitali, taja kiasi halisi ulichokuwa ukinywa, uache ukiwa chini ya uangalizi.

Hata baada ya hatari hiyo kupita, ubongo huchukua muda kutulia. Pombe huzipa nguvu kemikali za ubongo zinazopunguza kasi ya neva, na kuzididimiza zile zinazoiongeza. Ukinywa siku nenda siku rudi, ubongo hufanya kama dereva anayezidi kukanyaga mafuta kwa sababu kuna mtu ameshikilia breki. Siku breki inapoachiliwa, gari linafyatuka. Ndiyo maana wasiwasi wa asubuhi ya hengova huwa mkali kiasi kile, na ndiyo maana glasi ya kutoa loki, yaani ya kuzimua, ilionekana dawa. Kwa wengi hali hii hupoa polepole, wiki hata miezi. Wengine, na mimi ni mmoja wao, tulikuwa na paniki kabla hatujaijua chupa, na tuliishika chupa kwa sababu ya paniki. Kwetu kuacha pombe ni nusu ya kazi.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulishike. Paniki ina mwanzo, ina kilele, ina mwisho. Hupanda upesi, mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha mwili wenyewe huishusha, kwa kuwa hauwezi kukaa katika hali ya kukimbia simba saa nzima. Mfikirie mtu aliyeshikwa ofisini Moi Avenue, hapa Nairobi. Anaaga, anashuka ngazi, anatembea hadi baa, anaagiza, anasubiri kuletewa, anameza mafunda mawili. Kufikia hapo dakika ishirini au zaidi zimekwisha, na hofu ilikuwa imeshashika njia ya kuondoka. Lakini sifa zote zinapewa chupa. Kesho akishikwa tena atakimbilia palepale, maana hajawahi kuiona hofu ikiisha bila pombe. Ushahidi huo ndio pombe iliotunyima miaka yote, na hakuna njia nyingine ya kuupata ila kukaa na paniki hadi ipite, ukiwa macho makavu bila kilevi.

Mimi niliupata Thika Road. Matatu zilikuwa ndizo tanuri langu: dirisha limekwama, muziki juu, jamu imesimama kuanzia Muthaiga, na nimebanwa kiti cha nyuma. Kila kiungo kinakwambia ushuke. Na kushuka ni rahisi, unapiga tu bati na makanga anakufungulia. Nilichofundishwa kliniki ni kutoshuka.

Kazi yenyewe ni hii. Moyoni najiambia kwamba hii ni paniki, naijua, ilishakuja ikaondoka. Sijiambii nitulie, kwa sababu ukijiamrisha kutulia na usitulie, unapata hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisha nashughulikia pumzi. Mtu mwenye paniki hudhani anakosa hewa, kumbe anavuta nyingi kupita kiasi. Anatoa kaboni dayoksaidi upesi mno, na huko ndiko kunakotoka kizunguzungu na vidole kufa ganzi. Kwa hiyo navuta kwa pua, polepole, nikihesabu hadi nne, natoa nikihesabu hadi sita. Kutoa ndiko kurefu. Naachia mabega, nakanyaga sakafu ya gari kwa nyayo zote mbili, naangalia nje na kutaja moyoni ninachokiona: mama wa mahindi, bodaboda, ukuta wa kijani. Halafu naiacha hofu ifanye inavyofanya. Inapanda, inaniumiza, inashuka. Mara za kwanza nilifika steji shati limelowa na miguu haina nguvu, lakini nilifika nikiwa nimeona kwa macho yangu kwamba imeisha na sijanywa kitu.

Tafadhali usianze haya kabla ya kupimwa. Maumivu ya kifua yanaweza kuwa ya moyo kweli. Upungufu wa damu, tezi ya shingoni na presha navyo huleta mapigo ya kasi. Nenda wakupime moyo na damu, na daktari akikwambia moyo u mzima, mwamini. Na maumivu mapya yanayosambaa mkononi au tayani, au yanayokujia ukipanda ngazi na kupoa ukipumzika, yapeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama una historia ya paniki.

Kuna kukwepa kunakofaa na kukwepa kunakoharibu, na watu wengi huvichanganya. Ukianza kukwepa matatu, kesho utakwepa lifti, kesho kutwa foleni ya benki, mwishowe dunia yako itakuwa chumba na kitanda. Huko usiende, rudi kwenye matatu hata kama ni kwa steji mbili tu. Lakini kukwepa baa si woga hata kidogo. Sheria ya pombe ya mwaka wa 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la sheria ya Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ni saa ileile unayotoka ofisini umechoka, una njaa, na mwili umejaa wasiwasi wa mchana kutwa. Badilisha njia. Kula kitu saa kumi, hata kama ni ndizi mbili na karanga, kwa sababu njaa hutetemesha mwili na mwili unaotetemeka huita paniki. Jioni za mwanzo nilikuwa nazunguka bustani ya Jeevanjee hadi giza liingie, ndipo nipande gari. Marafiki wa meza walisema nimejifanya mtakatifu. Waache waseme.

Wengi wetu tukiacha pombe tunahamia kwenye vikombe vya kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, sigara na miraa. Vyote hivyo huukimbiza moyo, na kwa mtu mwenye paniki, moyo unaokimbia ndio mbegu yenyewe. Miraa hasa naiogopa, maana huleta kukesha, na baada ya kukesha mtu hutafuta bia ya kumlaza. Nilipunguza hata chai ya rangi.

Kuhusu dawa, sema wazi kwa daktari kwamba pombe ilikushika. Usimfiche. Dawa za kutuliza kama diazepamu hufanya kazi karibu na pale pombe inapofanyia, nazo hujenga mazoea. Hospitalini hutumika kumvusha mtu siku za hatari za kuacha pombe, lakini kujinunulia dukani ili kila paniki imezewe kidonge ni kubadilisha chupa kwa pakiti. Zipo dawa nyingine za kunywa kila siku, zisizo na uraibu wa namna hiyo, ila huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Yapo pia mazungumzo ya tiba, na mimi ndiyo yaliyonisaidia zaidi.

Pa kwenda papo. Hospitali ya Mathari, ile ya magonjwa ya akili hapa Nairobi, imekuwako tangu mwaka wa 1910, na nimepita mbele ya lango lake mara zisizo na idadi nikisikia abiria wakilifanyia mzaha. Mzaha huo umewachelewesha watu wengi kupata tiba, na mimi unaniuma. Kliniki utakuta watu waliovaa nguo za kazi, wengine na watoto mgongoni, wanasubiri zamu kama hospitali nyingine yoyote. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192, na Msalaba Mwekundu wana 1199. Mikutano ya walevi waliopona hufanyika mjini, mingi katika kumbi za makanisa, na huulizwi dini wala jina la pili. Mama yangu aliamini nina pepo, tukaombewa. Maombi yalinifariji na hadi leo naomba. Nililofanya ni kuongeza daktari.

Na wewe ambaye mke wako, kaka yako au mwanao ndiye anayepigana vita hivi: akishikwa, usimwambie anajifanya, na usimpe bia moja ya kumpoza hata akikusihi. Keti karibu naye, sema kwa sauti ya chini, mhesabie pumzi, usimshike kama hataki kushikwa. Ikipita mpe maji na chakula, maswali yawekwe kesho. Siku ya kliniki mfuate. Foleni huwa ndefu, na mtu aliye peke yake ni rahisi kuondoka kabla jina lake halijaitwa.