Jibu: Matufaha yaliyopuliziwa NAA kushika mtini lakini kulainika mapema

Ndugu, umeuliza kwa nini matufaha uliyoyapulizia NAA hayakudondoka kabla ya mavuno, lakini yalilainika upesi ghalani. Hiyo ndiyo tabia ya dawa yenyewe. NAA ni oksini (homoni ya ukuaji wa mimea) ya kutengenezwa, na kazi yake ni kuchelewesha kulegea kwa tabaka la seli ambapo kikonyo hukatikia. Haizuii tunda kutoa ethilini, gesi inayoliivisha, na ikitumiwa kwa kiwango kikubwa au kurudiwa, hasa wakati wa joto, huweza hata kuharakisha uivaji. Kinga yake huchukua siku 2 hadi 4 kuanza na hudumu takriban siku 7 hadi 10, kwa hiyo inamfaa mtu anayesubiri wavunaji, si anayekusudia kuhifadhi matunda kwa miezi.

Kwa lengo lako la kuhifadhi ningechagua dawa ya AVG, ambayo huzuia mmea kutengeneza ethilini, na hivyo kuchelewesha udondokaji na uivaji kwa pamoja. Hupuliziwa takriban wiki 3 hadi 4 kabla ya tarehe ya kuvuna, kwani tunda likishaanza kuiva haisaidii sana. Gharama yake, mbali na fedha, ni rangi: wekundu nao huchelewa, jambo linaloudhi kwa aina zisizokolea kwa urahisi. Etefoni, dawa nyingine ya kupulizia, huleta rangi hiyo, lakini kwa kutoa ethilini, hivyo usiitumie kwenye matunda ya kuhifadhi. Vipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna vifuate kibandiko cha dawa.