VPN imeua spidi ya dishi letu, tufanyeje?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Ukerewe, shuleni intaneti tunapata kwa dishi la VSAT na bando la mwezi halifiki hata tarehe 15. Sasa kuna kijana katuambia data za setilaiti mtu yeyote anaweza kuzidaka, akatuwekea VPN (njia ya kuzifunga data kwa siri zisisomeke njiani) kwenye rauta, tangu hapo hata ukurasa wa NECTA unafunguka kwa kujivuta kweli. Tuchague usalama au spidi?

JIBU: Pole mwalimu. Huyo kijana hajawadanganya, setilaiti ikishusha data inaimwaga eneo kubwa sana, siyo shuleni kwenu tu, na mwenye dishi lake humo ndani anaweza kusikiliza. Mwaka 2020 mtafiti wa Oxford, James Pavur, alionyesha hilo kwa vifaa vya kama dola 300 tu, akanasa mpaka mawasiliano ya meli.

Shida ni VPN kukaa kwenye rauta. Setilaiti hizi za VSAT nyingi ziko juu kilomita 35,786, ombi lipande lishuke na jibu nalo lipande lishuke, karibu nusu sekunde imeshakwenda na seva haijafanya lolote. Ndo maana modemu ya dishi huwa inajibu "nimepokea" hapo hapo kwa niaba ya upande wa pili, kompyuta isikae inasubiri. Ukishafunga kila kitu ndani ya VPN modemu haioni kilichomo, ule msaada unakatika, na VPN yenyewe inaongeza uzito kwenye kila pakiti (kipande cha data kinachosafiri) ambao mnaulipia kwenye bando.

Kwa hiyo itoeni kwenye rauta. Tovuti za HTTPS (anwani zinazoanza na https://) data zake zimeshafungwa kwa siri tayari, anayesikiliza ataona jina la tovuti ila paswedi na mnachosoma haoni, na modemu bado inazisaidia. VPN ibaki kwenye kompyuta ya ofisi tu, kwa mfumo wowote wa zamani usio na HTTPS. Halafu mbaneni mtoa huduma awaambie kama anazifunga data kwa siri kutoka kituoni kwake mpaka kwenye dishi lenu, ni haki yenu kabisa kujua, majina na alama za watoto zinapita humo.

Bando nalo mara nyingi huliwa sana na apdeti za Windows. Mchana wekeni kila kompyuta kwenye "metered connection" (mpangilio wa kubana matumizi ya data), usiku kama kifurushi chenu ni nafuu fungueni, na muwashe "Delivery Optimization" ya mtandao wa ndani ili zigawane kilichoshushwa badala ya kila moja kushusha lake. WhatsApp zimeni kudownload picha na video zenyewe.

Na masomo yasipite kwenye dishi kila siku jamani! Tafuteni sehemu yenye fiba, Mwanza kwa mfano, mshushe Wikipedia ya Kiswahili ya Kiwix na masomo ya Kolibri (zote ni programu za kusomea bila intaneti), myaweke kwenye kompyuta moja ya shule, wanafunzi watasoma kwa wifi bila kugusa bando.