Jibu: Wingifoili Bagamoyo kwa likizo ya siku tano

Ndugu, umeuliza kama siku tano za likizo Bagamoyo zinamtosha mtu asiyewahi kupanda ubao wowote kujifunza wingifoili, yaani kuteleza majini juu ya ubao huku umeshika bawa la kitambaa linalovutwa na upepo; chini ya ubao kuna foili, kifaa chenye mabawa madogo magumu kinachouinua juu ya maji. Kusimama na kwenda kwa bawa, inawezekana. Kuinuka juu ya maji kwa foili, usijiwekee ahadi hiyo.

Anza nchi kavu. Inua bawa juu ya kichwa mpaka litulie, kisha vuta mkono ulioshika sehemu ya nyuma ya bawa taratibu usikie linavyokamata upepo. Ukiulegeza, nguvu inaisha. Wengi niliowaona wakiruka hatua hii ndio wanaochoka mapema. Baadaye ingia majini na ubao mpana usio na foili, upige magoti kwanza.

Kinachonipa wasiwasi ni maji. Pale Bagamoyo maji yakipwa yanatoka mbali, hasa siku za bamvua, na mlingoti wa foili, nguzo inayoiunganisha na ubao, hushuka kama sentimita 70 hadi 90 chini ya ubao. Ukigonga mchanga kwa kasi unarushwa mbele, kwa hiyo fuata maji kujaa. Asubuhi upepo wa umande ukivuma kutoka nchi kavu usiingie kabisa, utasukumwa nje. Subiri upepo wa mchana utokao baharini, na waulize wavuvi nyavu zimetegwa wapi.

Kofia ngumu, jaketi la kuokolea, kamba ya ubao mguuni. Foili inakata, ukianguka jitupe mbali nayo. Kama hujui kuogelea, anza na hilo. Usiende bila mwalimu mwenye boti karibu, na ukigongwa kichwani ukaona kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo.