Kwa mlioanza juzi kuandika mgogoro wa euro

Kila nikihariri makala za wageni wa meza ya uchumi, nakutana na sentensi ileile: nchi za kusini mwa Ulaya zilitumia kuliko zilivyozalisha, zikafilisika, Ujerumani ikaziokoa. Ilikuwa ikiandikwa hivyo mwaka 2010 na bado inaletwa mezani leo. Nawapenda, wanangu, ndiyo maana nairudisha ikiwa imejaa wino mwekundu.

1. Msizitie nchi zote kapu moja. Ugiriki tatizo lilianzia hazina: Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ilitangaza kuwa nakisi ya mwaka ule (yaani matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake) ingezidi asilimia 12 ya pato la taifa, na takwimu za mwisho zikapita 15. Ireland ilikuwa kinyume kabisa. Mwaka 2007 deni la serikali yake halikuzidi sana robo ya pato la taifa. Kilichoiangusha ni benki zilizomwaga mikopo kwenye majumba na viwanja, kisha uamuzi wa serikali, usiku wa kuamkia 30 Septemba 2008, wa kuzidhamini benki hizo. Mwaka 2010 nakisi ikapita asilimia 30 kwa sababu ya kuzijaza mtaji. Uhispania nayo mwaka 2007 ilikuwa na ziada ya bajeti. Ukiniandikia "walitapanya", nitakuuliza mpaka uchoke: nani, benki au hazina?

2. Mkopo ni mkopo. Zile euro bilioni 110 za Mei 2010 (80 za nchi za kanda ya euro, 30 za IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa) zilikuwa na riba na masharti, na sehemu kubwa ya fedha za uokozi iliishia kwa wadai na kwenye mitaji ya benki. Neno "msaada" likitokea kwenye kichwa cha habari, nalifuta.

3. Hapa naomba mtulie, maana hili linaniuma. Mnaandika: "deni lilizidi kupanda kwa sababu serikali haikubana matumizi vya kutosha." Haya, shikeni kikokotoo. Mwishoni mwa 2009 Ugiriki ilidaiwa takriban euro bilioni 300, kama asilimia 127 ya pato la taifa. Machi 2012 wadai binafsi walikatwa zaidi ya nusu ya thamani ya hatifungani zao, yaani hati za mkopo walioipa serikali, na mwaka ule ulipoisha deni lilikuwa tena karibu bilioni 300. Lakini uwiano ulikuwa umefika kama asilimia 160. Deni ni lilelile; kilichosinyaa ni pato.

Waliochora mpango wa uokozi wa 2010 walitarajia uchumi upungue kwa asilimia 5.5 kati ya 2009 na 2012. Ulipungua kwa asilimia 17. Walitarajia ukosefu wa ajira wa asilimia 15 mwaka 2012, ukafika 25. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa kwenye kizidishi, ile namba inayosema serikali ikikata euro moja, uchumi unapoteza kiasi gani. Olivier Blanchard, aliyekuwa mchumi mkuu wa IMF, na mwenzake Daniel Leigh walipopitia utabiri wa nchi nyingi walikuta watabiri wametumia takriban 0.5, wakati hali halisi ilielekea kuwa kati ya 0.9 na 1.7. Na sababu zilikuwa wazi: riba ya benki kuu ilikuwa imekaribia sifuri, benki hazikopeshi, majirani wanabana kwa wakati mmoja, na nchi haina sarafu yake ya kushusha thamani. Ukikata mishahara na pensheni katika hali hiyo, biashara zinakosa wateja, kodi haiji, nakisi haishuki kama ulivyopanga, unaambiwa ukate tena.

Juni 2013 IMF ilitoa tathmini yake na kukiri mapungufu makubwa, ikiwamo kwamba Ugiriki ingenufaika zaidi kama deni lingepunguzwa mwanzoni. Kamisheni ya Ulaya haikuafiki. Mwaka huohuo zaidi ya nusu ya vijana wa Kigiriki waliokuwa wakitafuta kazi hawakuipata. Tanzania iliingia mkataba na IMF mwaka 1986, na wengi wetu tunayajua masharti hayo tangu nyumbani kwa wazazi wetu. Msomaji wetu anastahili kuelezwa hesabu hii kwa ukamilifu, asiachiwe hadithi ya uvivu.

4. Tarehe ya kukariri: 26 Julai 2012. Mario Draghi, aliyekuwa rais wa Benki Kuu ya Ulaya, alisema London kwamba benki hiyo ingefanya lolote linalohitajika kuilinda euro; riba za hatifungani za Uhispania na Italia zikashuka, na mpango wa benki hiyo wa kununua hatifungani, uliotangazwa Septemba, haujatumika hata mara moja.

5. Someni mambo haya kwa jicho la kwetu pia. Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala, Novemba 2013, na kikomo cha nakisi ni asilimia 3, kama kile cha Maastricht, mkataba uliozaa euro. Ireland na Uhispania zilikuwa zimetimiza kikomo hicho, na bado zikaanguka.

6. Mkifika Julai 2015, msibaki na Tsipras, waziri mkuu wa Ugiriki wakati ule, na Merkel wa Ujerumani tu. Shukeni hadi kwenye mashine za fedha za Athens. Kikomo kilikuwa euro 60 kwa siku, lakini noti za 20 zilipoanza kuadimika, wengi walitoka na 50. Wastaafu wasio na kadi walifunguliwa matawi maalumu wapewe 120 kwa wiki nzima, wakapanga foleni tangu alfajiri. Makala ikitaja Hapana ya asilimia 61 kwenye kura ya maoni kuhusu masharti ya wadai bila kusema kwamba watu waliipiga benki zikiwa zimefungwa, nitairudisha siku hiyohiyo.