Dhiki ya utotoni haitoshi: mtazameni Majaliwa

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mtoto aliyekulia katika dhiki ndiye anayefaa zaidi kuwa mchungaji?" Mimi ningeuliza kwanza: baada ya dhiki hiyo nani alimshika mkono, na alimpitisha wapi? Huku Mtwara ushuhuda wa utoto mchungu siku hizi unapokelewa kama cheti. Kijana anasimama kanisani, anasimulia alivyolala njaa, akina mama wanalia, halmashauri ya parokia inapitisha jina. Naipinga tabia hiyo kabisa.

Mfano tunao hapahapa. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa, akauzwa, akafika Unguja na kulelewa na UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ileile ambayo Askofu Steere aliipandisha kutoka Lindi hadi Masasi mwaka 1876 akiwa na watumwa waliokombolewa. Dhiki ingetosha, wangempa ukasisi tangu ujana. Alisomeshwa kwanza, akawa shemasi mwaka 1886, akapelekwa Chitangali, upande wa Newala, kwa Nakaam, mkubwa wa Wayao wa pale. Uvamizi wa Magwangwara, wapiganaji wa Kingoni, huko Masasi mwaka 1882 ulikuwa bado haujasahaulika. Ukasisi aliupata mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuufikia.

Miaka minne! Kwa desturi ya Kianglikana, ushemasi unaweza kuwa wa mwaka mmoja tu. Shemasi anahubiri, anabatiza, anazika, anatembelea wagonjwa, lakini haweki wakfu mkate na divai wala hatamki ondoleo la dhambi; hayo humsubiri kasisi, na enzi zile kasisi alikuja kwa miguu. Katika kungoja huko mtu huivishwa. Hujifunza kuwafundisha wanaojiandaa kubatizwa bila kuwaharakisha, kumwambia mwenye cheo kwamba zamu yake haijafika, kukaa na wazee wa jando bila kuwadharau wala kuwaogopa. Machozi ya ushuhuda hayasaidii chochote hapo.

Leo tunaziruka hatua hizo. Kijana ambaye hajaongoza hata mtaa mmoja kama mkatekista anakwenda chuoni, anarudi, anapewa parokia. Anakwamia kwenye fedha. Sadaka ya huku inafuata korosho: kuanzia Oktoba hadi Desemba, malipo ya minada yakipitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, kapu linajaa, Februari na Machi zinaletwa sahani za unga na kuku mmojammoja. Asiyefundishwa hutumia yote msimu wa korosho, pamoja na fungu la dayosisi, kisha Machi anawakopa waumini wake. Aliyekulia kwenye njaa anaweza kukosea hapa kuliko wengine, maana hajawahi kuwa na cha kuweka.

Hata hivyo, kadiri ninavyoandika naona nimekaza mno. Nchi iliyoporwa watoto na misafara ya watumwa ilimwona mmoja wao amerudi, anawafundisha, anawazikia wafu wao. Hilo hakuna chuo kinachoweza kulifundisha. Basi nikiletewa vijana wawili waliolingana masomo, nitamchukua yatima. Ila kwanza awe mkatekista miaka miwili katika mtaa wa mbali, chini ya padre asiyemwonea huruma, na daftari lake la sadaka likaguliwe kila baada ya miezi mitatu, kabla na baada ya msimu wa korosho.

Msomaji, Masasi