Ini linalojijenga upya: pima kwa saa, si kwa siku

Ukikata theluthi mbili za ini la panya kwa njia ya Higgins na Anderson ya mwaka 1931, uzito hurudi ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Lobu (sehemu za ini) zilizokatwa hazioti tena. Zilizobaki ndizo zinazonenepa.

Wengi hukosea saa ya kuchukua sampuli. Seli za Kupffer, yaani seli za kinga zilizomo ndani ya ini, hutoa protini za ishara TNF na interlukini-6 mapema sana, na ndani ya saa chache za mwanzo STAT3, protini inayopeleka ishara hiyo kwenye kiini cha seli za ini, imeshapachikwa fosfeti, yaani imewashwa. Ukiitafuta kesho yake kwa kipimo cha Western blot utaambulia mkanda hafifu, kisha uilaumu kingamwili bure. Gandisha kipande kwenye naitrojeni ya kimiminika mara tu kinapotoka, na bafa ya kusagia iwe na vizuizi vya fosfatesi, vimeng'enya vinavyobandua fosfeti. Panya wa kulinganisha afunguliwe tumbo na kushonwa saa ileile, maana kisu peke yake hupandisha interlukini-6.

Ishara hiyo huiamsha seli tu. Kuisukuma igawanyike ni kazi ya vichochezi vya ukuaji: HGF kupitia kipokezi cha Met, na EGF na jamaa zake kupitia kipokezi cha EGFR. Kuzima kipokezi kimoja huchelewesha tu. Vizime vyote viwili uone ini linavyogoma. Unakiliji wa DNA hufika kilele karibu saa 24 kwa panya wakubwa wa maabara, saa 36 hadi 48 kwa wadogo. BrdU, alama inayoingia kwenye DNA mpya, ichomwe saa 2 kabla ya kuchukua ini.

Kwenye upasuaji, uzi wa kufungia lobu ya kati uache kama milimita 2 kutoka vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ukiubana zaidi, damu inakosa pa kutokea, ini linavimba na kuwa jeusi, na hapo unapima kifo cha seli. Glukosi nyingi baada ya operesheni nayo hupunguza kasi ya kujijenga, hata kama nia ni njema.

Anayetumia parasetamoli badala ya kisu awanyime panya wadogo chakula usiku mzima ili glutathioni, kinga ya ini dhidi ya sumu ya dawa hiyo, ishuke, la sivyo matokeo yatayumba. Kwa 300 mg/kg ini hupona. Kwa 600 mg/kg STAT3, Met na EGFR huwaka kwa nguvu zaidi, lakini seli hazigawanyiki, na beta-katenini, protini nyingine ya ishara ya ukuaji, haiamki. Kwa hiyo usitangaze kuwa ini linajijenga kwa kuona STAT3 pekee. Pima na saiklini D1 pia, protini inayoingiza seli kwenye mzunguko wa kugawanyika.