Wakala anataka hela kwanza: jibu kwa dada wa kijana wa akademi

Dada, pole kwa presha. Umesema mdogo wako ana miaka 17, yuko akademi ya soka hapa Dar, na bwana anayejiita wakala wa wachezaji anadai milioni tatu za kumpeleka majaribio Ureno. Usimpe hata shilingi. Wakala wa kweli anakula kamisheni kwenye mkataba alioufanikisha, hakamui familia kabla kazi haijaanza.

Muulize leseni ya FIFA. Tangu Oktoba 2023 ni lazima awe nayo, na majina ya wenye leseni yapo kwenye tovuti ya FIFA. Akimwakilisha aliye chini ya miaka 18, anahitaji pia mafunzo ya ziada na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Tena FIFA inazuia uhamisho wa kimataifa wa umri huo, isipokuwa kwa masharti machache. Hiyo Ureno anamuuzia ndoto.

Mkataba wa uwakilishi hauzidi miaka 2 na haujirefushi wenyewe. Usomeni wote, hasa asilimia yake.

Wakala mzuri utamjua kwenye mambo madogo: anapigania nyumba, tiketi za likizo, matibabu na mshahara kijana akiumia goti. Klabu ikikaa na mishahara ya miezi miwili bila kulipa, anajua kuiandikia barua ya kuipa siku 15 ilipe, kabla mchezaji hajavunja mkataba. Huyo bwana mwulize hilo la siku 15, umsikilize atakavyojibu.